Nyambizi Ileile, Matini Tofauti: Historia ya Matoleo ya Das Boot

Mwezi Septemba 1981 filamu ya Das Boot, iliyoelekezwa na Wolfgang Petersen, ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Ujerumani ya Magharibi ikiwa na urefu wa dakika 149. Mwaka 1984 watazamaji wa BBC nchini Uingereza waliletewa kazi yenye jina hilohilo, waigizaji walewale na nyambizi ileile, lakini ikiwa imegawanywa katika sehemu 6 za takriban dakika 50 kila moja. Mwaka uliofuata televisheni ya Ujerumani ikaionyesha katika sehemu 3. Kisha, mnamo 1997, Petersen alirudi katika chumba cha uhariri na kutoka humo na toleo la mwelekezi lenye dakika zipatazo 208, ambalo baada ya kupita sinemani liliingia majumbani kwa kanda za video na diski za DVD. Toleo refu la televisheni nalo lilitolewa kwa DVD mwaka 2004, na mwaka 2018 ukatoka nchini Ujerumani mkusanyiko wa Blu-ray ulioyaweka matoleo hayo katika kasha moja. Mtu akisema kwamba ameiona Das Boot, basi, bado hajasema mengi.

Tatizo hili si geni kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Mashairi ya Muyaka, aliyefariki yapata 1840, yalimfikia msomaji wa karne ya 20 kwa kupitia kumbukumbu za watu wa Mombasa, juhudi za Mwalimu Sikujua, miswada ya Taylor, toleo la Hichens la 1940 na hatimaye toleo la Abdulaziz la 1979. Katika mapokezi ya aina hiyo mhakiki hujua kwamba kila mkono ulioipokea matini uliacha alama yake, naye hupima alama hizo kwa subira. Filamu, kinyume chake, hudhaniwa kuwa kitu kilichokamilika siku ya onyesho la kwanza, na neno "ukarabati" linapochapishwa juu ya kasha la diski huchukuliwa kumaanisha kwamba vumbi limepanguswa na asili imerudi ilivyokuwa. Historia ya Das Boot haikubaliani na dhana hiyo. Hapakuwa na asili moja ya kurejewa, na mnakili aliyeibadilisha matini hakuwa mtu mwingine ila mtunzi mwenyewe.

Ili jambo hili lieleweke ni lazima kuanza mbali zaidi ya 1981. Katika majira ya pukutizi ya 1941 Lothar-Günther Buchheim, kijana aliyekuwa na umri wa miaka 23 na mwandishi wa habari za vita katika jeshi la majini la Ujerumani, alipanda nyambizi U-96 iliyoongozwa na nahodha Heinrich Lehmann-Willenbrock. Nyambizi hiyo, ya aina iliyoitwa VIIC, iliwinda misafara ya meli katika Atlantiki, kisha ikaamriwa kupenya mlango-bahari wa Gibraltar ili kuingia Mediterania. Ilishambuliwa na ndege ya Waingereza, ikaharibika, na ikarudi Saint-Nazaire. Kutokana na tajriba ya vita hivyo Buchheim alitoa kwanza kitabu cha picha na maelezo, Jäger im Weltmeer, kilichochapishwa 1943 chini ya utawala wa Hitler na kwa manufaa ya utawala huo. Miaka 30 ikapita. Mnamo 1973 ndipo ilipotoka riwaya ya Das Boot, kitabu kikubwa kilichosimuliwa kwa nafsi ya kwanza na kilichojaa uchovu, uvundo, matusi na hofu. Katika dibaji yake mwandishi alisisitiza kwamba kitabu hicho ni riwaya lakini si kisa cha kubuni tu. Mwaka 1976 akaongeza kitabu cha picha alizozipiga wakati wa vita.

Kwa hiyo, kabla kamera ya Petersen haijawashwa, vita vilevile vilikuwa vimekwisha kuandikwa kwa namna mbili zinazopingana: kwanza kama sifa za wawindaji wa baharini, pili kama shutuma dhidi ya waliowatuma. Wahakiki wengi wa filamu hii hulipita jambo hilo haraka mno. Kijana aliyekuwa kalamu ya dola ndiye mzee aliyeishtaki dola hiyo, na macho aliyoyatumia katika kazi zote mbili ni yaleyale.

Riwaya ilisomwa sana, na pia ilipingwa. Karl-Friedrich Merten, aliyekuwa nahodha wa nyambizi katika vita hivyo, aliilaumu kwa kuwavunjia heshima wanamaji. Mwanahistoria Michael Salewski naye aliichambua mnamo 1976 kwa kuuliza ni ukweli wa aina gani ambao riwaya inaweza kudai kuuhusu vita. Mabishano hayo yalitangulia filamu kwa miaka kadhaa, na yalikuwa tayari yameweka wazi kwamba Wajerumani hawakuwa wakigombania mbinu za usimulizi peke yake.

Safari ya kuigeuza riwaya kuwa filamu ilianzia kwa Wamarekani. Kampuni ya Bavaria ilijaribu kwanza kushirikiana na John Sturges, ambapo Robert Redford alitajwa kuwa ndiye atakayekuwa nahodha, kisha na Don Siegel, pamoja na jina la Paul Newman. Mipango yote miwili ilivunjika. Mtayarishaji Günter Rohrbach akamkabidhi kazi Petersen, aliyekuwa ameijenga sifa yake hasa katika televisheni. Ni vyema kukumbuka kwamba Petersen alizaliwa Machi 1941 mjini Emden, penye bandari, na kwamba Jürgen Prochnow, aliyeigiza nahodha, alizaliwa mwaka huohuo wa 1941. Waliosimulia kisa hiki katika filamu walikuwa watoto wachanga wakati nyambizi ya kweli ilipokuwa baharini. Walikuwa wakiigiza maisha ya baba zao.

Gharama zilipindukia marki milioni 30, kiasi ambacho hakikuwa cha kawaida kwa filamu ya Kijerumani wakati huo, na sehemu ya fedha ilitoka katika mashirika ya televisheni ya WDR na SDR. Hapa ndipo penye fundo la historia nzima. Kwa kuwa televisheni ililipa, televisheni ilidai chake, na picha zikapigwa tangu mwanzo kwa nia ya kuzaa kazi mbili: moja fupi kwa sinema na nyingine ndefu kwa vipindi vya nyumbani. Toleo la dakika 149 halikuwa shina ambalo matawi yaliota kwake baadaye. Lilikuwa ufupisho wa kitu kirefu zaidi ambacho umma haukuwa umekiona. Toleo refu nalo, ingawa lilionekana baadaye, lilikuwamo katika makubaliano tangu siku ya kwanza. Lipi basi ni la asili? Anayetafuta jibu kwa kufuata tarehe za maonyesho atalipata toleo lililokatwa. Anayefuata nia ya utayarishaji atayapata mawili kwa wakati mmoja. Toleo la 1997, linalouzwa kana kwamba ndilo nia halisi ya mwelekezi iliyokombolewa, ni la tatu, na lilitungwa na mtu aliyekuwa ameishi Hollywood miaka kadhaa na kujua mapigo ya moyo ya mtazamaji wa sinema ya Marekani.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Luteni Werner, mwandishi wa habari anayeigizwa na Herbert Grönemeyer, anajiunga na nyambizi huko La Rochelle baada ya usiku wa ulevi. Nyambizi inatafuta adui kwa majuma na haimpati, inapigwa na dhoruba, inashambuliwa na manowari za kusindikiza misafara, inazamisha meli, inaamriwa kwenda Gibraltar kupitia Vigo, inapigwa na ndege na kuzama hadi kina cha mita 280, ambako inalala juu ya mchanga huku mafundi wakipigania kuifufua. Inafufuka. Inaporudi bandarini inakutana na mabomu ya ndege, na nahodha anakufa akiitazama ikididimia gatini. Katika historia halisi Lehmann-Willenbrock hakufa hivyo. Aliishi hadi 1986, alikuwa mshauri wa filamu hii, na U-96 ilidumu hadi Machi 1945 ilipozamishwa kwa mabomu ya ndege huko Wilhelmshaven. Kifo cha nahodha ni tamko la kifasihi, na lina uzito wake kama tamko. Hata hivyo ni ajabu kuona ni mara ngapi filamu hii husifiwa kwa "uhalisia" bila jambo hilo kutajwa.

Tofauti kati ya matoleo haihusu matukio, kwa kuwa mfuatano wa matukio karibu haubadiliki. Inahusu wakati. Toleo la sinema la 1981 linajengwa juu ya mashambulizi: mtazamaji hutoka kwenye hatari moja na kuingia nyingine, na muda wa kungoja ulio kati yake hupunguzwa hadi kuwa pumzi fupi. Toleo la televisheni linafanya kinyume chake. Ndani yake kungoja ndiko maudhui. Mabaharia wanarudia mzaha uleule hadi unachacha. Mkate unaota ukungu. Kijana Ullmann anaandika barua kwa mchumba wake Mfaransa, barua ambazo hazina njia ya kupelekwa. Afisa wa kwanza, muumini wa pekee wa kweli wa itikadi ya chama miongoni mwa maafisa, anaendelea kukaa meza moja na watu wanaomdharau bila kusema. Isitoshe, katika toleo hilo refu sauti ya Werner inasikika ikisimulia, nayo inakirejesha kipengele muhimu cha riwaya, yaani nafsi ya kwanza. Sauti hiyo inapokuwapo mtazamaji anakumbushwa kwamba yote haya yameshuhudiwa na mtu mmoja, mgeni katika chombo, mwenye kazi ya kuitukuza vita. Inapoondolewa, kamera inakuwa shahidi asiye na jina, na shahidi asiye na jina huaminiwa upesi zaidi.

Toleo la 1997 limechukua njia ya kati, na uamuzi wake wa maana kuliko yote ni huu: limerudisha sehemu kubwa ya kungoja lakini halikuirudisha sauti. Mtazamaji anapewa muda wa kuwapenda mabaharia bila kukumbushwa ni nani anayewasimulia. Kwa upande wa fani hapana shaka kwamba ndilo toleo lililosawazika vizuri zaidi. Kwa upande wa maudhui ndilo lililo hatari zaidi.

Kuhusu picha na sauti pana mambo mawili yanayostahili kutengwa. Mpiga picha Jost Vacano alitumia kamera ndogo ya mkononi iliyotulizwa kwa jairo, akakimbia nayo katika ujia mwembamba wa nyambizi ya kuigiza, akiwa amevaa kinga za mwili kwa sababu ya kujigonga. Jengo hilo la ndani lilifungwa juu ya mitambo ya kulitikisa na kuliinamisha. Picha zilipigwa kwa kufuata mpangilio wa kisa, hivyo ndevu na weupe wa nyuso ni za kweli. Ukarabati wa picha za namna hiyo ni kazi ya kusafisha na kurekebisha rangi, na hakuna wa kuulalamikia. Sauti ni jambo jingine. Kutokana na kelele za mitambo, karibu mazungumzo yote yalirekodiwa studioni baada ya picha kupigwa. Waigizaji kadhaa walijitolea sauti zao wenyewe hata katika Kiingereza. Kwa hiyo tangu 1981 sauti ya filamu hii ilikuwa tungo inayojitegemea. Mwaka 1997 tungo hiyo ilisukwa upya kwa mitambo ya kidijitali: misumari inayofyatuka kwa shinikizo la maji, milio ya mitambo ya kusakia nyambizi, matone, kishindo cha mabomu ya majini, vyote vilipewa upana ambao sinema za 1981 hazikuwa nao. Mtu anayesikiliza diski hiyo katika sebule yenye vipaza sauti kila pembe anasikia kitu ambacho hakuna aliyekisikia mwaka wa onyesho la kwanza. Kuliita tendo hilo ukarabati ni kulipa neno mzigo usio wake. Ni utunzi mpya juu ya picha za zamani, na ni utunzi mzuri.

Buchheim hakuridhika na toleo lolote. Alikuwa ameandika mswada wake mwenyewe wa filamu, mrefu mno, ambao watayarishaji waliukataa, na baada ya 1981 alilalamika kwamba Petersen amewafanya mabaharia wapige makelele na kuruka-ruka pale ambapo katika hali halisi walikaa kimya. Malalamiko hayo yana chembe ya kinyongo cha mtunzi aliyenyang'anywa mtoto, lakini hayafai kupuuzwa. Ukimya ndio uliokuwa silaha ya nyambizi iliyojificha. Mtazamaji wa matoleo marefu atakubali kwamba nyakati zinazobaki moyoni ni zile za watu kutazama dari bila kusema, na kwamba kichaa cha fundi Johann, anayetoka katika chumba cha injini macho yamemtoka hadi nahodha anaiendea bastola, kinatisha kwa sababu ya kimya kilichokitangulia.

Suala la huruma haliwezi kuahirishwa tena. Filamu inaanza kwa maandishi yanayoeleza kwamba kati ya wanamaji 40,000 wa nyambizi za Ujerumani, 30,000 hawakurudi. Petersen alisimulia baadaye kwamba katika onyesho moja la Los Angeles watazamaji waliposoma idadi ya waliokufa walipiga makofi ya furaha, naye akadhani jioni imekwisha kuharibika. Filamu ilipomalizika watazamaji haohao walisimama wakaishangilia. Masimulizi hayo yamezoea kunukuliwa kama ushahidi wa uwezo wa sanaa. Yanaweza pia kusomwa kwa namna nyingine. Kwa muda wa saa mbili na nusu hesabu ya wafu wa upande mmoja iligeuzwa kuwa nyuso, na hesabu ya upande wa pili haikutajwa. Takriban mabaharia 30,000 wa meli za biashara za Uingereza pekee walikufa katika vita hivyo, na miongoni mwao walikuwamo maelfu ya watu wa Bara Hindi waliofanya kazi katika vyumba vya injini. Hakuna toleo la Das Boot, liwe la dakika 149 au la karibu saa 5, ambamo kamera inapanda meli ya adui hata mara moja.

Petersen hakulisahau jambo hili kabisa. Katika tukio linalofuata shambulio la usiku, nyambizi inairudia meli ya mafuta inayowaka ili kuimaliza, na mabaharia wanagundua kwa fadhaa kwamba juu yake bado mna watu. Watu hao wanajitupa majini na kuogelea kuelekea nyambizi wakiomba kuokolewa. Nahodha, ambaye mabaharia humwita Mzee ijapokuwa katika kisa ni mtu wa miaka 30 hivi, anaamuru chombo kirudi nyuma polepole. Hawezi kuchukua mateka. Werner analia. Ni tukio lililo bora kuliko yote katika filamu, na katika toleo refu linazidi kuuma kwa sababu mtazamaji amekaa na watu hawa kwa muda mrefu zaidi. Lakini hata hapa anayeonewa uchungu ni yule aliye juu ya sitaha. Waliomo majini ni sauti na mwanga wa moto. Hawana jina wala lugha inayoeleweka sawasawa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki upungufu huo una sura mahususi. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya kubeba askari Khedive Ismail, iliyokuwa imeondoka Kilindini katika msafara uliokwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama katika muda wa dakika mbili hivi. Watu 1,297 walikufa, wengi wao wakiwa wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Manowari Petard na Paladin ziliisaka I-27 hadi ikaangamia, na katika msako huo mabomu ya majini yalirushwa mahali ambapo manusura walikuwa bado wakielea. Majina ya wengi wa askari hao yamechongwa katika kumbukumbu ya vita iliyomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Nyambizi iliyowaua haikuwa ya Wajerumani, na Das Boot haiwadai chochote. Lakini mtazamaji aliyetoka katika jamaa za watu hao hawezi kuitazama meli ya mafuta ikiwaka kwa macho ya Werner peke yake, na uhakiki unaomtaka afanye hivyo kwa jina la "ubinadamu wa wote" unamtaka asahau mahali aliposimama.

Kwamba sinema inaweza kuukabili ugumu huo ilikwisha kuonekana tangu 1953 katika The Cruel Sea ya Charles Frend, iliyotokana na riwaya ya Nicholas Monsarrat ya 1951. Humo nahodha Mwingereza, anayeigizwa na Jack Hawkins, analazimika kurusha mabomu mahali penye wanamaji wa upande wake wanaoelea, kwa kudhani nyambizi imejificha chini yao. Filamu hiyo ni ya kizamani kwa mbinu zake na haiwezi kulinganishwa na Das Boot kwa ufundi wa picha. Walakini waliomo majini wanapewa nyuso. Kamera inashuka usawa wa maji na kuwatazama wakiifurahia meli inayowajia, kisha wakitambua kwamba haipunguzi mwendo.

Petersen aliendelea na kazi Hollywood na akafariki Agosti 2022. Miaka minne kabla ya kifo chake, mwaka uleule wa kasha la Blu-ray, televisheni ya Ujerumani ilikuwa imeanza tamthilia mpya yenye jina la Das Boot, inayofuata nyambizi nyingine mwaka 1942 na kugawa kisa chake kati ya bahari na mji wa La Rochelle, ambako Wafaransa walio chini ya ukaliaji wanazungumza kwa lugha yao. Waandishi wa tamthilia hiyo walikuwa wameona kwamba mlango wa chuma ulihitaji kufunguliwa. Waliufungua kuelekea nchi kavu.